Kifurushi cha Msafiri

Msafiri apandaye treni ya umeme, iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024, huifungua kompyuta mpakato yake na kuiunganisha na intaneti kwa njia ya simu. Kabla ya Morogoro kifurushi kimekwisha, naye huilaumu kampuni ya simu. Lawama hiyo mara nyingi si ya haki. Kompyuta yenye Windows 11, isipoelekezwa vinginevyo, huuhesabu mtandao wa Wi-Fi, hata ule utokao katika simu, kuwa hauna kipimo. Hivyo huweza kupakua kimyakimya masahihisho ya programu, pengine gigabaiti nzima. Kizuizi kipo, lakini ni wangapi wakijuao? Walioibuni mashine hiyo walimfikiria mtu alipaye kwa mwezi, wakamsahau anunuaye kwa siku. Ingepasa iulize kwanza, ndipo ipakue.