Mamba wa Ruzizi ana DVD nyingi, lakini hakuna iliyotengenezwa kwa ajili yetu

Jumapili moja nilikaa nyumbani, hapa Mulongwe, nikaangalia filme moja mara tatu mfululizo. Mke wangu akaniuliza kama kazi imeniishia. Filme yenyewe inaitwa Primeval, ni ya Marekani, ilitoka Januari 2007, lakini Uvira hatuiiti hivyo. Sisi tunasema tu "ile ya Gustave". Nilikuwa na kopi tatu za filme hiyo hiyo, kila moja ikiwa imefika mjini kwetu kwa njia yake, na nilitaka kujua zinatofautiana nini. Nilifikiri nitaona tofauti za picha na sauti. Nilikuta jambo zito zaidi, na ndilo linalonifanya niandike.

Kwa vijana ambao hawaijui habari hii: Gustave ni jina ambalo Patrice Faye, Mfaransa aliyeishi Burundi miaka mingi akifuatilia wanyama hawa, alimpa mamba mmoja mkubwa sana wa mto Ruzizi na kaskazini mwa ziwa Tanganyika. Ilikadiriwa kwamba anapita mita 6, na waliomwona walisema ana makovu ya risasi. Faye na wenzake walimtegea mtego mkubwa wa chuma, hakuingia. Filme ya ukweli kuhusu jaribio hilo, Capturing the Killer Croc, ilionyeshwa kwenye televizyo ya Marekani mwaka 2004. Mara nyingi utasoma kwamba alikula watu 300. Hakuna mtu aliyekaa kando ya mto na daftari akawahesabu, hiyo ni hesabu ya hofu. Lakini vifo vyenyewe si hadithi. Mtu aliyekulia kando ya maji haya, kuanzia Kavimvira kushuka mpaka Makobola, anajua angalau jina moja la mtu aliyekwenda kuoga au kutega wavu na hakurudi.

Hollywood wakaichukua habari hiyo. Mwandishi wa televizyo, anayechezwa na Dominic Purcell, anatumwa Burundi na kikundi chake kumkamata Gustave akiwa hai. Wanakuta mamba, na wanakuta pia vita na mkubwa wa waasi ambaye watu wamempa jina la "Gustave Mdogo". Filme ilipigwa Afrika Kusini. Kongo haitajwi kana kwamba haipo, ingawa Ruzizi ni mpaka wetu na Burundi, na mamba hakuwahi kuomba kibali cha kuvuka pale Kavimvira. Matangazo ya Marekani yalificha hata kwamba ni filme ya mamba, yalizungumzia muuaji aliyeua watu wengi kuliko wote, ili watu waingie wakidhani wanakwenda kuona binadamu. Mimi naiona kuwa filme ya kiasi tu. Kama isingekuwa ya kwetu, ningekuwa nimeisahau.

Sasa hizo kopi.

Ya kwanza nilinunua miaka mingi iliyopita kwa mchuuzi aliyekuwa akipokea mizigo ya mashua za Kigoma pale Kalundu. Imetafsiriwa kwa Kiswahili cha Tanzania: sauti ya mtu mmoja inazungumza juu ya sauti za wachezaji wote, kama tulivyozoea. Ya pili ilitoka Bujumbura, kwa Kifaransa, ndani ya DVD moja iliyobeba filme nane, zote za mamba na nyoka. Ya tatu ni ya asili kabisa, na kasha lake, ambayo shemeji yangu anayeishi Marekani aliniletea alipokuja kwa matanga.

Hiyo ya tatu ilinisumbua. Niliiweka kwenye mashine nzuri ya jirani, ikakataa. Ikaandika kwamba eneo si sahihi. Wengi wetu hatujawahi kukutana na jambo hilo kwa sababu tulizoea mashine za bei ndogo za China, ambazo zinasoma kila kitu. Lakini makampuni ya filme yaligawa dunia katika maeneo 6 ili DVD ya mahali pamoja isichezwe mahali pengine. Marekani ni namba 1. Ulaya na Japani ni namba 2, na Afrika Kusini, mahali filme hii ilipopigwa, iko pamoja nao. Sisi Wakongomani, pamoja na karibu Afrika yote, tuliwekwa namba 5 pamoja na Urusi na India. DVD ya namba 5 ya filme ya Gustave sijawahi kuiona katika duka lolote hapa Uvira, wala Bukavu, wala ng'ambo Bujumbura. Basi watu wa Ruzizi waliipata filme ya Ruzizi kwa mlango wa nyuma tu, na kila aliyeipitisha aliigusa kidogo.

Nikaitoa kwa jirani, nikaiweka kwenye kimashine changu cha Kichina chenye mfuniko uliovunjika. Ikacheza.

Sehemu iliyonishtua iko katikati ya filme. Kuna mzee wa kijiji, mganga, ambaye anawafanyia wageni maombi kabla hawajaanza msako. Baadaye watu wenye silaha wanamuua yeye na jamaa yake, na mmoja wa wageni anakipiga kitendo hicho kwa kamera kwa siri. Kuanzia hapo waasi wanawatafuta wageni kwa sababu ya picha hizo. Na filme inaeleza wazi kwa nini mamba amezoea watu: vita vilijaza mto miili. Unaweza kukubali au kukataa maelezo hayo, lakini yanamwelekea mwenye bunduki.

Katika kopi ya Kiswahili, mzee huyo ndiye mwenye mamba. Mtafsiri anasema amemtuma. Kila Gustave akichukua mtu, sauti inasema: kazi ya mzee hiyo. Mzee anapouawa, sauti inachekelea kwamba mchawi amepata dawa yake. Habari ya miili mtoni imeruka kabisa. Niliirudisha nyuma mara tatu nikidhani nimesikia vibaya.

Kopi ya Kifaransa haikosei hapo. Lakini filme nane kwenye DVD moja ni kama ndagala nane kwenye kijiko kimoja. Picha imebanwa mpaka usiku wote umekuwa weusi mtupu, na huyu mamba anapenda kutoka usiku. Tena Kifaransa cha haraka cha wachezaji, ndani ya nyumba ya video yenye jenereta inayonguruma ukutani, nani anakifuata? Watoto hawakifuati. Mama wanaouza mihogo nje wakichungulia mlangoni hawakifuati. Ndiyo maana kopi iliyozunguka mitaani kwetu ilikuwa ya kwanza.

Sisemi haya kuwatukana watafsiri. Niliwapenda tangu utoto na ninawapenda mpaka leo. Lufufu wa Dar es Salaam, DJ Afro wa Kenya, VJ Jingo wa Uganda, watu hao waliwafungulia sinema mamilioni ambao shule iliwafungia mlango wa Kiingereza. Kuongeza chumvi ni sehemu ya kazi yao, na anayetaka tafsiri ya neno kwa neno akasome mkataba. Mtafsiri wa kopi yangu, ambaye hakujitaja jina, ana ulimi mtamu kweli. Akisema polisi wa New York ni mtoto wa shangazi yake aliyekimbia deni, hakuna anayeumia New York. Lakini mzaha wake juu ya mzee wa Ruzizi ulishuka mahali ambapo kuna wazee wa Ruzizi.

Nitatoa mfano mmoja, bila jina wala mtaa. Miaka kadhaa iliyopita mtoto alichukuliwa na mamba jioni, mahali ambapo watu wa kwetu huchota maji. Mwili ulipatikana kesho yake. Siku ya tatu vijana walikuwa wakimsema mzee mmoja anayeishi peke yake karibu na maji, mvuvi wa zamani, mwenye macho mekundu kwa moshi kama mzee yeyote anayejipikia. Nilikuwapo kwenye mazungumzo hayo. Mmoja alisema mamba wa kawaida hali mtu, ni lazima atumwe. Mwingine akajibu, na maneno haya sitayasahau: "Hata kwenye filme ya Gustave walionyesha." Mzee alibahatika, binti yake alikuja kumchukua usiku. Nyumba yake ilivunjwa, mabati yakaondoka. Mnajua vizuri, ndugu wasomaji, kwamba katika jimbo letu la Kivu Kusini si kila mzee anayebahatika.

Imani hiyo haikuletwa na DVD, ni ya zamani kuliko umeme. Lakini mtu mwenye imani akionyeshwa picha, imani inageuka ushahidi.

Na hapo ndipo kopi ya Marekani ilinifundisha jambo la pili. Ndani yake kuna nyongeza ambazo kopi nyingine hazina: visehemu vilivyokatwa, na filme fupi inayoonyesha jinsi Gustave alivyotengenezwa kwa kompyuta. Unaona wachezaji wakikimbia, wakipiga kelele, na nyuma yao hakuna kitu. Mamba anachorwa baadaye. Niliwaita watoto wa jirani waione. Walicheka sana, kisha mmoja wa miaka tisa hivi akaniuliza: "Sasa yule wa kweli, yeye anafanyaje?"

Swali zuri kuliko filme yote. Mamba wa filme ananguruma, anakimbiza watu nchi kavu, anashambulia gari. Mtoto aliyemwona huyo anajifunza kuogopa kelele. Mamba wa kweli hana kelele. Analala chini ya maji karibu na mahali ambapo watu hushuka kila siku saa ile ile, anasubiri, na anatoka mara moja. Anapenda jioni na usiku. Bomba likikauka wiki nzima, wanawake na watoto hushuka ziwani na bidoni, mahali pale pale, jioni ile ile. Na tangu ziwa lilipoanza kupanda, mwaka 2020 na miaka iliyofuata, maji yamekuja kulala kwenye viwanja ambapo zamani tulipiga mpira, na wanyama wa maji wamekuja nayo. Hakuna mzee aliyewaita.

Ninajua DVD zinakufa. Leo kijana anakwenda kwa fundi mwenye kompyuta kando ya soko, analipa kidogo, anajaziwa filme kumi kwenye simu. Nilimuuliza fundi mmoja kama anayo ya Gustave. Anayo: ile ile ya mzee mchawi, imetolewa kwenye CD ya zamani, sasa inakaa kwenye simu na itaishi miaka mingine ishirini.

Basi ninaloomba ni dogo. Uvira ina vijana wenye ulimi, tunawasikia kwenye radio za hapa kila siku. Mmoja wao aitafsiri upya filme hii kwa Kiswahili chetu, cha Uvira, na mizaha yote anayotaka, lakini mzee abaki mzee aliyeuawa na wenye silaha, na Ruzizi itajwe kwa jina lake pande zote mbili. Mwanzoni aweke dakika kumi za wavuvi wa Kavimvira na Kalundu wakieleza mamba anakaa wapi na saa gani tusishuke. Kuna atakayesema filme ni mali ya Disney na hatuna ruhusa. Ni kweli. Basi aache filme, atengeneze hizo dakika kumi peke yake bila kuchukua picha ya mtu, na mafundi wa soko wazijaze bure kwenye kila simu inayoomba filme ya kutisha. Wananijibu kwamba hakuna atakayeziomba. Ndiyo maana nimesema zijazwe bila kuombwa, kama wanavyotujazia matangazo.

Kopi ya Marekani iko nyumbani kwangu, na kimashine cha Kichina bado kinaisoma. Anayetaka kuifanyia kazi aje, ila aje mchana, kwa sababu usiku umeme wa kwetu hauna ahadi.