Mungu si dereva wa lori

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki tatu, mnisamehe. Tulikuwa na msiba. Dereva bajaji wa hapa mtaani kwetu Iyunga, ambaye asubuhi nyingi ndiye aliyenipeleka kazini, aligongwa na lori lililokosa breki. Makaburini tukaambiwa kama kawaida kwamba kazi ya Mungu haina makosa, na kwamba sisi tulimpenda lakini Mungu amempenda zaidi. Tukaitikia amina. Na mimi niliitikia. Jioni, tukiwa tumekaa chini ya turubai, mjane wake akaniuliza kwa sauti ndogo: "Kaka, hivi Mungu angempenda kidogo tu, angeniachia?"

Sikuwa na jibu. Leo najaribu, na najua wapo watakaosema chuo kimeniharibu. Sawa tu.

Hebu mtazameni huyu Mungu tunayemtangaza misibani. Anamhitaji baba wa watoto wawili, na njia aliyoiona inafaa ni kuharibu breki za lori mteremkoni. Binadamu akifanya hivyo tunamwita muuaji na tunataka afungwe. Mungu akisingiziwa hivyo tunasema amina, tunanawa mikono, tunakula.

Kutoka Iyunga kwenda Mbalizi unapita mlima Iwambi. Hapo Juni 2025 walikufa watu 28 kwa mara moja, lori lilipokosa breki na kuligonga basi dogo la abiria. Julai 2018 kule Igawilo walikufa 20, lori tena. Kila anayekaa Mbeya anajua jinsi inavyokuwa. Mteremko ni mrefu, mzigo ni mzito, breki zinapata moto mpaka haziwezi kushika. Wengine wanashuka wamepiga frii ili kubana mafuta. Kuna tajiri anayejua kwamba breki zimekwisha na bado anasema hilo lori lirudi Dar kwanza. Wote hawa wana majina na namba za simu. Lakini sisi tukifika makaburini tunamtaja mmoja tu, ambaye hayumo kwenye faili la polisi.

Ndiyo maana nasema huu si mjadala wa dini peke yake. Mungu wa namna hii ni wakili mzuri sana wa wenye malori. Hadai hata shilingi.

Mtanijibu kwa Ayubu, habari ya Bwana kutoa na kutwaa. Jamani, hayo yako sura ya kwanza, na kitabu kina sura 42! Kuanzia sura ya tatu Ayubu huyohuyo analalamika, anabisha, anataka kesi yake isikilizwe. Rafiki zake wanakuja kumfafanulia kwa nini Mungu amefanya vile. Mwishoni wanaokaripiwa na Mungu ni wale rafiki, waliojifanya kumjua. Na Yesu alipoongelea mnara wa Siloamu ulioangukia watu 18, alikataa kabisa kwamba wale walikuwa wakosaji kuliko wengine. Waislamu nao wana ile hadithi mashuhuri ya Mtume kumwambia mtu amfunge ngamia wake kwanza, ndipo amtegemee Mungu. Sisi ngamia tumemwachia mlimani Iwambi, halafu tunashangaa.

Hata wazee wetu wa huku hawakuwa wepesi hivi. Monica Wilson, aliyeishi na Wanyakyusa miaka ya 1930, aliandika kwamba mtu akifa walikuwa wakipasua maiti kutafuta chanzo. Nisieleweke vibaya, siwapambi. Walikuwa wakitafuta uchawi, na kutafuta huko kumewaponza watu wengi wasio na hatia, hadi leo vikongwe wanauawa nchini kwa tuhuma hizo. Jibu lao lilikuwa baya. Lakini waliuliza. Sisi tumeacha jibu lao baya, tukaacha na kuuliza.

Mimi sijaacha kusali. Nilichoacha ni kudhani kwamba kila kinachotokea amekitaka Yeye. Nadhani siku ile barabarani Mungu alikuwa upande wa yule mama, naye amekasirika kama yeye. Kama nakosea, nikosee hivyo. Bora hilo kuliko kumwambia mjane kwamba mume wake aliuawa kwa upendo.

Na wala sisemi wachungaji na masheikh wanyamaze. Wanaongea na watu wengi kuliko gazeti letu litakavyowahi kusomwa. Waulize tu pale makaburini: lori lilikuwa la nani? Barabara ya njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi, kilometa 29, haikuanza kujengwa kwa mkesha. Kuna watu walisumbua, fedha zikatafutwa.

Nami nina dhambi yangu katika hili. Nimeandika habari za ajali nyingi nikimalizia kwa kumnukuu ndugu wa marehemu akisema ni mapenzi ya Mungu, kwa sababu mstari huo unafunga habari vizuri na hauleti kesi. Safari hii nimemtafuta mwenye lori, nikamuuliza breki zilikaguliwa lini mara ya mwisho. Alisema yuko kwenye kikao. Nitampigia tena Jumatatu.