Walimlilia Jack, Wakailaumu Sufuria



Wiki hii tulisoma kauli ya kutendea na kauli ya kutendesha, na mfano wetu ulikuwa kitenzi kulia. Mtoto analia, mjane anamlilia mumewe, msiba unawaliza majirani. Mmoja wenu akatunga sentensi: "Tamthilia hii inatuliza." Darasa likagawanyika. Je, inatufanya tulie, au inaleta utulivu? Sentensi ni sahihi kwa maana zote mbili, na wapenzi wa tamthilia za familia watakuambia kwamba mara nyingi maana hizo hupatikana katika saa moja ya kutazama.

Mfano ninaoufahamu vizuri ni wa Marekani. Tamthilia ya This Is Us ilianza kuonyeshwa na kituo cha NBC mwaka 2016, ikamalizika mwaka 2022. Inasimulia maisha ya Jack Pearson, mkewe Rebecca, na watoto wao watatu: Kevin, Kate na Randall. Mapema katika msimu wa kwanza watazamaji walitambua kwamba Jack alikuwa amekwisha kufa, lakini hawakuambiwa alikufaje. Walingoja zaidi ya mwaka mmoja. Kisha, Januari 2018, wakaonyeshwa chanzo chake: sufuria kuukuu ya umeme, ile ya kupikia polepole, ambayo Jack na Rebecca walipewa na majirani walipokuwa wangali vijana. Swichi yake ilikuwa mbovu. Usiku Jack anaizima, anasafisha jiko, anakwenda kulala. Sufuria inajiwasha yenyewe, kitambaa kinashika moto, na nyumba inaanza kuungua.

Sehemu iliyofuata ilionyeshwa tarehe 4 Februari 2018, mara baada ya Super Bowl, ile fainali ya mpira wa Kimarekani, na watazamaji wake walikuwa wapatao milioni 27. Jack anawaokoa mkewe na watoto wawili waliokuwamo nyumbani, anarudi ndani kwa ajili ya mbwa, anatoka akiwa hai. Miali ya moto haikumuua. Moshi alioupumua ndio uliousimamisha moyo wake hospitalini, dakika chache tu baada ya mkewe kumwacha kitandani akiwa anazungumza.

Watu walilia. Hilo sishangai, wala simcheki anayemlilia mtu ambaye hakupata kuishi. Fasihi yote ingekufa kama tusingeweza kufanya hivyo. Kilichonishangaza ni kile kilichotokea kati ya sehemu hizo mbili. Watazamaji walitangaza mtandaoni kwamba wanazitupa sufuria zao. Kampuni ya Crock-Pot, ambayo jina lake Wamarekani hulitumia kwa karibu kila sufuria ya aina hiyo, kama wengi wetu tunavyoita kila dawa ya meno Colgate, ikalazimika kufungua akaunti ya Twitter ili ijitetee. Mtunzi wa tamthilia, Dan Fogelman, naye akawakumbusha watazamaji kwamba sufuria ile ilikuwa ya kubuni, yenye umri wa miaka 20 na swichi iliyokwisha haribika. Hatimaye Milo Ventimiglia, mwigizaji wa Jack, akatokea katika tangazo akihimiza watu wasameheane, kisha akapakua chakula kutoka katika sufuria ya namna ile ile!

Ni rahisi kuwaita watu hao wajinga. Mimi siwaiti hivyo. Hofu huitafutia mikono kazi, na kuitupa sufuria ni kazi inayokamilika kwa dakika moja. Lakini kazi hiyo haikuwa ile iliyotakiwa. Nyumba ya akina Pearson ilikuwa na king'ora cha moshi, ila hakikuwa na betri, zilisahauliwa dukani. Shirika la Marekani la kukinga moto, NFPA, limeeleza kwa miaka mingi kwamba takriban watu watatu kati ya watano wanaokufa katika moto wa nyumbani hufia katika nyumba zisizo na king'ora, au zenye king'ora kisichofanya kazi. Tamthilia ililionyesha jambo hilo wazi. Kwa bahati mbaya, betri isiyokuwapo haina sura ya kuchukiwa.

Hapa lugha yetu ina neno la kutufaa. Katika fasihi, mhusika ni mtu wa hadithi, kama Jack. Katika taarifa ya habari, mhusika ni yule anayepaswa kuwajibika: "wahusika wachukuliwe hatua." Watazamaji walimpenda mhusika wa maana ya kwanza kwa dhati, kisha wakamkosea mhusika wa maana ya pili.

Nilipolisimulia darasa langu hapa Uganda kisa hiki, swali la kwanza halikuhusu sufuria wala betri. "Mwalimu, mtu mzima afe kwa ajili ya mbwa?" Tukacheka. Swali la pili lilininyamazisha: "King'ora cha moshi ndicho nini?" Niliuliza ni nani aliye nacho nyumbani. Hakuna aliyeinua mkono, nami sikuinua wangu.

Tunacho kitu kingine: sigiri. Usiku wa mvua, chumba kikiwa kimoja na baridi kali, sigiri yenye makaa huingizwa ndani, mlango ukafungwa, watu wakalala. Makaa yasiyotoa moshi huonekana salama, kumbe hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu wakiwa usingizini. Asubuhi majirani wanapovunja mlango, wapo wanaouliza kwanza ni nani aliyewatilia sumu katika chakula. Adui huyo angekuwa na jina na sura, na kumkasirikia kungekuwa rahisi zaidi kuliko kuikasirikia sigiri ambayo sote tunayo.

Kwa hiyo sikuombi uache kulia mbele ya televisheni. Lia. Ila machozi yakikauka, rudi nyuma katika kisa ukatafute ni kitu gani kidogo kilichokosekana, kisha uinuke ukitafute katika chumba unacholala. Mwanafunzi mmoja aliniambia siku ya pili kwamba usiku ule alibishana na shangazi yake kuhusu sigiri hadi ikatolewa nje. Shangazi alilala na blanketi mbili na hasira.

Zoezi la wiki ijayo: andika aya moja kuhusu tamthilia iliyokuliza. Tumia kulia, kulilia na kuliza, na utaje mhusika kwa maana zote mbili za neno hilo. Na yule aliyeuliza habari za mbwa, bado tunamdai maoni yake.