Tangazo la zamani si kichekesho tu

Matangazo ya biashara ya zamani siku hizi husambazwa simuni kama burudani: picha za ajabu, maneno yenye maana mbili, ahadi zisizoingia akilini. Watu hucheka, kisha hupita. Kucheka si kosa, ila kicheko kikiishia hapo tunakosa somo. Mara nyingi, pale tangazo linapocheza na maneno ndipo penye dai ambalo mwuzaji asingethubutu kulitamka waziwazi. Chukua tangazo la sabuni ya Pears la mwaka 1899, mwaka uleule mshairi Mwingereza Rudyard Kipling alipochapisha shairi lake la “mzigo wa Mzungu”, yaani wajibu aliodaiwa kuwa nao Mzungu wa kuwatawala na kuwastaarabisha wengine. Afisa wa jeshi la majini ananawa mikono, na kwenye pembe ya picha Mzungu anampa sabuni mtu mweusi aliyepiga magoti. Maelezo yanasema hatua ya kwanza ya kuupunguza mzigo huo ni kufundisha usafi. Kitenzi cha Kiingereza kilichotumika, “lighten”, kina maana mbili: kupunguza uzito, na kufanya kitu kiwe cheupe. Kusema wazi kwamba weusi ni uchafu na ukoloni ndio maji ya kuuosha kungezua ubishi. Neno moja lenye sura mbili likalipitisha wazo hilo kimyakimya.

Wapo watakaosema kuwa watu wa zamani hawakujua, na si haki kuwahukumu kwa elimu ya leo. Hoja hiyo ina uzito, lakini haielezi kila kitu. Mwaka 1930 sigara za Lucky Strike zilitangazwa kwa hesabu ya madaktari 20,679 waliodaiwa kusema haziwashi koo kama nyingine. Idadi ya namna hiyo haitokani na ujinga. Imepangwa ili msomaji aone utafiti mahali ambapo pana biashara. Nayo dawa ya kusukutulia kinywa ya Listerine ilidai kwa miongo mingi kwamba inasaidia kuzuia mafua, hadi mwaka 1975 Tume ya Biashara ya Marekani ilipoiamuru kampuni iliyoitengeneza ikanushe dai hilo ndani ya matangazo yake yenyewe.

Wengine watauliza: je, sisi Waswahili, wapenzi wa mafumbo, tuna haki gani ya kulaumu mchezo wa maneno? Haki tunayo, kwa sababu mafumbo hayafanani. Jina la kanga humchokoza msomaji alifumbue, na anayelengwa huelewa kuwa ameguswa. Fumbo la tangazo hufanikiwa pale msomaji asipogundua kwamba kuna fumbo.

Jambo hili si la makumbusho. Tanzania, Kenya na Rwanda zimepiga marufuku vipodozi vya kuchubua ngozi vyenye zebaki, lakini wazo kwamba ngozi nyeupe ndiyo ngozi safi bado linauzwa kwa maneno laini kama “kung’arisha” na “kutakatisha”. Marufuku huondoa kopo dukani. Haiondoi neno kichwani. Kwa hiyo walimu wa Kiswahili na wa historia wayapeleke matangazo haya darasani, wawaulize wanafunzi maswali matatu: neno hili lina maana ngapi, ipi imefichwa, na nani anafaidika ikibaki imefichwa? Kijana anayeweza kujibu maswali hayo kuhusu tangazo la 1899 atajua pia kulisoma la leo kabla hajatoa pesa mfukoni.