Deni la Ligi kwa Miji ya Mikoani

JICHO LA UWANJANI
Na Rehema Mwakio

Tangu mwaka 2014, klabu ya Penrith Panthers huondoka kwao pembezoni mwa Sydney, ikavuka milima ya Blue Mountains na kwenda kucheza mechi ya ligi ya raga ya Australia, NRL, huko Bathurst, mji ulio kilomita 200 hivi kutoka katikati ya jiji. Siku hiyo uwanja wa Carrington Park hufurika. Familia huketi kwenye nyasi za ukingoni zikiwa zimejifunika mablanketi, maana baridi ya huko si ya mchezo. Mtoto aliyezoea kuwaona Panthers kwenye televisheni husikia kwa masikio yake kishindo cha bega likigonga kifua, na kocha akifoka, na mchezaji aliyelala chini akihema.

Naziunga mkono mechi hizi kwa moyo wote. Kinachonikera ni namna miji inavyolazimika kuzipata.

Tunazungumzia raga ya wachezaji 13, siyo ile ya 7 inayojaza viwanja vya Nakuru na Kisumu. Mchezo huu ulizaliwa kaskazini mwa Uingereza mwaka 1895, klabu za maeneo ya viwanda na migodi zilipojitenga kwa sababu wachezaji wao walikatazwa kufidiwa ujira waliopoteza kwa kwenda uwanjani. Ni mchezo wa watu wanaokula kwa jasho lao. Huko New South Wales, jimbo la Sydney na Bathurst, umekita mizizi katika miji ya ngano, kondoo na makaa ya mawe.

Sasa tazama nani anamlipa nani. Bathurst hupata mechi yake kwa mkataba kati ya halmashauri ya mji na klabu. Wagga Wagga imefanya hivyo na Canberra Raiders, Tamworth nayo na Wests Tigers. Fedha za halmashauri ni kodi za wakazi, wale wale ambao bado watanunua tiketi getini. Mji wenye uwezo wa kulipa na wenye jukwaa zuri huletewa mechi, na mji ambao timu yake inakaribia kufa hupitwa na basi la wachezaji njiani. Huu ni mnada, na ligi inayojiita ya taifa haipaswi kuuridhia.

Hasa ukizingatia wachezaji wanatoka wapi. Panthers walitwaa ubingwa mara nne mfululizo, kuanzia 2021 hadi 2024, na nahodha wao mwenza alikuwa Isaah Yeo, mtoto wa Dubbo, mji wa mikoani. Matt Burton, aliyekuwa nao katika ubingwa wa 2021, ni wa Dubbo vilevile. Kotoni Staggs wa Brisbane Broncos amekulia Wellington, mji mdogo jirani. Gwiji Laurie Daley ni wa Junee, mji mwingine wa mikoani. Kila mmoja alifundishwa kushika mpira na watu wa kujitolea, waliofua jezi na kuendesha magari yao wenyewe kuwapeleka watoto kwenye mechi. Klabu kubwa zilikuja kuvuna tu.

Na watu wa mikoani hawakuwa watazamaji siku zote. Mwaka 1974, lilipoanzishwa shindano la Kombe la Amco, timu ya Western Division, iliyokusanya wachezaji wa miji ya magharibi mwa milima chini ya kocha Johnny King, ilicheza na wakubwa hadi ikalitwaa kombe. Katika fainali iliifunga Penrith 6-2. Ndiyo, Penrith hao hao ambao leo Bathurst inawalipa waje.

Kulikuwa pia na mechi ya Jiji dhidi ya Mikoa, yenye historia ya zaidi ya miaka 100. Klabu zilianza kuwazuia nyota wao zikihofia majeraha, timu zikapungua makali, na mwaka 2017 ikachezwa ya mwisho, Mudgee. Mechi ya ligi yenye pointi ina faida moja kubwa: hakuna kocha atakayethubutu kuleta kikosi dhaifu. Kwa hiyo sitaki turudishiwe mechi za maonyesho. Nataka pointi ziwe mezani.

Tangu 2024 ligi hufungua msimu wake Las Vegas, Marekani, ikitafuta mashabiki wapya, na ligi yenyewe ndiyo inayoandaa safari hiyo. Sina ugomvi na hilo. Lakini anayeweza kuvuka Pasifiki kusaka mashabiki hawezi kuwaambia watu wa Dubbo walipie safari ya basi.

Wakati huohuo hali ya klabu ndogo ni ngumu. Mwaka 2022 ligi mbili za miji ya magharibi mwa milima, Group 10 na Group 11, ziliunganisha madaraja yao ya juu. Timu ya Lithgow ikienda Forbes husafiri zaidi ya kilomita 200, na wachezaji wake wana kazi Jumatatu asubuhi.

Ligi ichukue gharama. Kila klabu ya NRL icheze mechi moja ya nyumbani mikoani kila msimu, ikifidiwa mapato ya getini kutoka kwenye fedha za televisheni. Miji ipokezane zamu, bila zabuni. Basi la timu likiondoka, makocha wawili wa klabu wabaki wiki nzima wakifundisha watoto wa shule na makocha wa kujitolea, na sehemu ya kiingilio iingie moja kwa moja kwenye akaunti ya klabu ya mji, ikanunue mafuta ya safari ya Forbes.