Baiskeli isiyotembea haitaponya miguu ya wabeba mizigo wetu

Wiki iliyopita kijana mmoja wa familia za wakimbizi wa ndani alinisimamisha barabarani hapa Uvira. Anabeba makala na muhogo kwa kinga, yaani baiskeli, kutoka upande wa Sange. Yeye na wenzake sita wanachanga likelemba. Mara hii hawataki kupokezana pesa. Wanataka kununua pamoja baiskeli ya mazoezi, ile inayokaa nyumbani bila kutembea, na soksi ndefu za kubana miguu. Kwenye simu waliona wakimbiaji wa baiskeli wakipasha mwili joto juu ya mashini kama hiyo wakati wa mashindano ya dunia ya Kigali, Septemba 2025. Akaniuliza: «Kaka wa redio, hiyo haitatuondolea maumivu?»

Nilimjibu hapana. Leo nataka wote msikie sababu.

Misuli huumia zaidi pale inapovutwa huku inajikaza. Kukanyaga pedali kwenye tambarare ya Ruzizi kunachosha, lakini hakuharibu misuli sana. Taabu kubwa iko kwenye mteremko. Mtu anayeshuka Ngomo kwa mguu, akiizuia baiskeli yenye magunia isimkimbie, mapaja yake ndiyo breki. Kesho yake anaamka na maumivu, na mara nyingi siku ya pili yanazidi.

Ni kweli, wataalamu wana baiskeli ya pekee: mota inazungusha pedali, na mtu anajaribu kuzizuia. Mara ya kwanza nayo inaumiza. Lakini mtu akianza polepole na kurudia, misuli inazoea, na safari nyingine inaumia kidogo. Soksi za kubana zinaweza kupunguza maumivu kiasi, lakini hakuna uhakika kwamba zinaongeza mwendo. Na ile baiskeli ya kawaida ya nyumbani inamsaidia mkimbiaji kupima mazoezi yake bila mvua wala magari. Yeye ana kocha, chakula cha kutosha na usiku wa kulala. Mbeba mizigo wetu tayari anakanyaga pedali kutwa nzima. Ukimwongezea mazoezi jioni, unamnyang'anya mapumziko, na mapumziko ndiyo yanayojenga misuli upya.

Mazoea yale ya mashini tunaweza kuyapata barabarani. Aliyekaa wiki kadhaa bila kazi asianze na magunia mawili. Aanze na nusu ya mzigo, aongeze kidogo kidogo. Hapo nawaambia pia wenye mali: msimpe kijana aliyetoka kuugua mzigo wa mtu mzima kisha mkamwita mvivu.

Pesa ya likelemba ingetumika vema kwenye raba za breki na mipira mizuri. Kurekebisha kiti hakuhitaji hata franka nyingi. Kaa juu ya baiskeli, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa: mguu unyooke. Ukikanyaga kwa sehemu ya mbele ya mguu, goti litabaki limekunjwa kidogo. Kiti kikiwa chini mno, magoti ndiyo yanalipa.

Kinachoniogopesha zaidi ni vidonge. Vijana wengi wanameza diklofenaki asubuhi ili waweze kupanda kilima. Kidonge hakitengenezi misuli, kinanyamazisha tu maumivu. Na kwa mtu anayetoka jasho jingi bila kunywa maji, kinaweza kuharibu figo. Baada ya kazi nzito, ukiona mkojo umekuwa mweusi kama chai kavu, na misuli imevimba au haina nguvu, usingoje kesho. Nenda kituo cha afya siku ileile. Misuli iliyoharibika sana inamwaga sumu kwenye damu, na figo zinaweza kusimama.

Mamaze nyumbani, mnajua kijana huyo ndiye anayelisha watoto wanaolala chini ya bashi. Akianguka, nyumba nzima inalala njaa. Kwa hiyo bakuli la maharagi na siku moja ya kupumzika kwa wiki si anasa.

Kijana wangu aliondoka bila kusema kama nimemshawishi. Alisema tu kwamba wenzake wanakutana Jumapili, na kwamba atawapimia kiti kwanza.