Fungate si Kujifungia Chumbani



Msimu wa harusi ukifika, maharusi hutuletea vitambaa tuwashonee nguo za fungate ya Zanzibar. Kumbe wengine wakifika huku hukaa hotelini siku zote saba, eti matembezi ni ya watalii wasiojisitiri. Sisi hatukubaliani nao.

Stara haimzuii mtu kutembea. Nendeni Kizimkazi Dimbani mkaone msikiti wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Nendeni Kidichi mkanuse karafuu na mdalasini, kisha muone hamamu aliyoijenga Seyyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi. Msituni Jozani kuna kima punju; gauni pana la pamba na raba vinatosha.

Paje na Jambiani, maji yakitoka, mtawakuta wanawake kwenye mashamba ya mwani. Hapo tuna neno. Wale si mapambo ya picha zenu. Toeni salamu kwanza, ombeni ruhusa kabla ya kutoa simu, na mkinunua sabuni ya mwani msimkazie bei mtu aliyeinama majini tangu asubuhi. Naye anatafuta riziki ya halali, pengine ada ya mtoto.

Bi harusi, beba baibui jepesi, viatu vya kutembelea na adabu ulizofunzwa kwenu. Pwani hii aliyoiumba Mola nawe una haki ya kuiona.